Shamba lililo chini ya bahari: kisa cha hotuba ya dakika saba

Rekodi ya kwanza bado ninayo kwenye simu. Ina dakika 11 na sekunde 20. Ndani yake mwanamke wa makamo anasoma karatasi mbili za Kiingereza kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba wa mtu asiyemjua. Hapandishi, hashushi, havuti pumzi mpaka imwishie. Jogoo anawika mara mbili kwa nyuma, na nakiri kwamba kwenye rekodi ile jogoo ndiye aliyekuwa na uhai zaidi. Alipomaliza aliweka karatasi juu ya meza, akaniuliza, "Nimekosea wapi, mwalimu?" Sikuwa na la kumjibu. Hakuna neno hata moja aliloliruka.

Nitamwita Bi Mwani, jina si lake. Analima mwani pwani ya mashariki ya Unguja na ni mwenyekiti wa kikundi cha wanawake 14 wanaolima, wanaokausha, na wanaotengeneza sabuni. Kikundi kilialikwa kwenye mkutano mjini pamoja na wenye mahoteli, wanunuzi wa vipodozi na wafadhili. Kila kikundi kilipewa dakika saba za kujieleza kwa Kiingereza, na baada yake maswali. Waandaaji, kwa nia njema kabisa, waliwatumia hotuba iliyokwisha kuandikwa. Kilichobaki kwa Bi Mwani kilikuwa kuisoma tu.

Mimi nafundisha Kiingereza cha jioni mjini, zaidi kwa vijana wa mahotelini na waongoza watalii. Binti yake aliwahi kukaa darasani kwangu, naye ndiye aliyenitafuta. Zilikuwa zimebaki siku 28.

Siku 28 zinaonekana nyingi mpaka ukutane na mtu ambaye kalenda yake ni ya mwezi wa mbinguni. Maji ya bamvua, yale ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanapokupwa mbali, mwani hufikika, na hapo Bi Mwani hana muda na mtu: yumo baharini na kamba, vigingi na mbegu. Maji mafu, yale yasiyokupwa sana, yanaporudi ndipo hupumua. Kwa hiyo masomo yetu yalipangwa na bahari. Tulipata vipindi tisa kwa jumla, na vitatu vya mwanzo niliviharibu mimi mwenyewe.

Kuhusu Kiingereza chake. Aliishia kidato cha pili. Alisoma skuli ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaingia sekondari akakuta masomo yanaandikwa ubaoni kwa Kiingereza na kuelezwa kwa Kiswahili, kama wengi wetu. Akatoka anajua kukisoma na kukinakili, lakini mdomo wake haukuwahi kukizungumza. Baadaye akajiongezea kile cha kuuzia sabuni kwa watalii: bei, rangi, karibu tena. Hicho alikuwa nacho barabara, tena bila haya. Ningekitazama vizuri siku ya kwanza ningeokoa wiki nzima.

Wiki niliyoipoteza

Nilifanya kile ambacho mwalimu wa lugha hukimbilia akiona hotuba mbaya: nilisahihisha matamshi. Si kwamba hayana maana, na sehemu hii nitaieleza kwa urefu maana ndipo wanafunzi wengi wanapokwama, lakini nililianzia jambo mkiani.

Nilianza na sauti ya mwanzo ya "think" na ile ya "this". Nilikuwa na zoezi zima nimeliandaa kwa ajili yake. Halikuhitajika. Watu wengi wa bara huzihangaikia sauti hizi, lakini Mzanzibari anazo tangu utotoni: ya kwanza ni ile ya "thamani", ya pili ni ile ya "dhahabu". Mtoto aliyekaa chuo cha Kurani akafinywa sikio kwa kuchanganya herufi za Kiarabu thaa na dhali anakuja kwenye Kiingereza na mtaji wake mkononi. Nilipomwambia hivyo alicheka: "Kumbe fimbo za maalim zilikuwa za Kiingereza!"

Penye taabu ni kwenye irabu. Sisi tunazo tano, na kila moja hukaa ilivyo popote uiwekapo. Kiingereza cha Uingereza, kile kinachochorwa kwenye kamusi za wanafunzi, hufika irabu 20 ukihesabu na zile zinazoteleza kutoka moja kwenda nyingine. Hakuna anayezimudu zote kwa wiki nne, na hakuna haja. Lakini kuna maneno ambayo irabu ikifupika yanakuletea balaa. Neno la Kiingereza la ufukwe ni mojawapo: "i" yake ni ndefu, na ukiikata fupi linageuka tusi la kumtukana mwanamke. Hotuba ya waandaaji ilikuwa nalo mara sita. Nilipomweleza, Bi Mwani alishika shavu. Tukalifuta lote tukaweka "the sea", na hiyo ilikuwa kazi ya dakika moja iliyozidi mazoezi yote ya siku ile. Neno likikusumbua, badilisha neno. Walimu huona kufanya hivyo ni kukimbia, nami nilikuwa mmoja wao.

Halafu kuna mkazo, na hapa ndipo rekodi ile ya kwanza ilipofia. Sisi mkazo wetu umekaa mahali pake, silabi ya pili kutoka mwisho: bahari, mkulima, shambani. Masikio yetu hayajazoea kuutafuta. Kwa Mwingereza mkazo unahama, na ukiuweka pasipo pake msikilizaji anapotea hata kama kila herufi umeitamka. "Photograph" mkazo uko mbele, "photography" umesogea. Bi Mwani alikuwa akisema "cooperative" kwa mkazo wa Kiswahili, karibu na mwisho, na jirani yangu Mtaliano niliyemsikilizisha rekodi hakulitambua neno mara zote nne. Niliandika orodha ya maneno ya hotuba nikachora kistari panapopanda. Yalifika 90 na zaidi. Nikampa akayakariri.

Kipindi cha tatu alikuja amechelewa, uso umekunjamana. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Aliitikia marahaba ya mbali. Alifungua karatasi, akasoma mstari mmoja, akasimama. Mstari ule ulikuwa na maneno 41, na ndani yake mlikuwa na "stakeholders", "sustainable" na "empowerment" wakiwa wamebanana kama abiria wa daladala ya jioni. Akasema, "Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii si yangu. Nikiulizwa neno moja tu la humu ndani, mie nitabaki uchi mbele za watu."

Alikuwa ameacha kuniita mwalimu, nikajua tumefika pabaya.

Kikao cha kamba

Sikumjibu siku ile. Niliomba tu nimtembelee kijijini, na nilipofika nikamkuta anaendesha kikao cha kikundi chini ya mkungu. Palikuwa na ugomvi. Pesa za kununulia kamba mpya hazikutimia, na wanachama wawili walikuwa wakitupiana maneno. Nilikaa pembeni nikasikiliza robo saa, na nikaona aibu.

Alianza kwa kunyamaza. Aliwaacha mpaka wakajisikia wenyewe. Kisha akaanza na habari ya kamba yake iliyokatika mwaka mmoja wakati wa upepo wa kusi, mwani wote ukaenda na maji, na jinsi mmoja kati ya wale wawili alivyompa mbegu bure aanze upya. Hakumtaja jina. Alimtazama tu. Akahesabu pesa kwa sauti, noti moja moja. Akaacha sentensi nusu wamalizie wenyewe: "Kamba ikikatika, inakatika ya na-ni?" Wakaitikia, "Ya wote!" Kikao kikaisha kwa watu kucheka.

Sasa nikumbushe nilichokuwa nimeandika kwenye daftari langu siku ya kwanza: *hana msingi wa kuzungumza mbele ya watu*. Mwanamke huyu! Kutua kabla ya neno zito, kumtazama mtu badala ya kumtaja, kisa kifupi kabla ya hoja, takwimu moja tu lakini ya kushikika, kuwaingiza wasikilizaji ndani ya sentensi: vitu ambavyo mimi navifundisha kwa ada, yeye anavyo bure. Karatasi ndiyo iliyomnyang'anya. Tulimkabidhi maneno ya mtu mwingine, yaliyoandikwa kwa macho na si kwa sikio, halafu tukashangaa kwamba aliyesimama pale si yeye.

Uchambuzi wangu wa kisa hiki unategemea pale chini ya mkungu, na najua wapo walimu wenzangu watakaoupinga. Wao husema mwanafunzi ajenge kwanza lugha, uhodari wa jukwaani utafuata. Kwa mtoto wa skuli huenda ni sawa. Kwa mtu mzima aliyekwisha kuwa msemaji katika lugha yake, naona ni kinyume: hotuba ianze kuzaliwa kwa Kiswahili, na Kiingereza kikatwe kiitoshe, kama fundi anavyokata kitambaa kwa kipimo cha mvaaji.

Tukaanza upya. Niliweka simu mezani nikamwambia anieleze kwa Kiswahili, kama anavyomweleza mgeni wa binti yake, kwa nini analima mwani. Alizungumza dakika tisa bila kusita. Biashara ya mwani ilianza Unguja mwaka 1989, upande huohuo wa mashariki, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na yeye aliingia miaka michache baadaye akiwa mke mchanga. Kisha akasema haya: "Pesa yangu ya kwanza ya mwani nilinunua godoro. Mume wangu akaniuliza, hili limetoka wapi? Nikamwambia, limetoka baharini."

Nikazima simu. Hotuba ilikuwa imepatikana.

Kwa Kiingereza maneno hayo hayahitaji kidato cha pili: "My husband asked me, where did it come from? I told him, from the sea." Hayana neno la silabi zaidi ya mbili. Na mbele yake tukaweka sentensi aliyoitoa mwenyewe alipokuwa akielezea kupwa na kujaa: "I am a farmer. My farm is under the sea." Mtaliano wangu aliposikiliza rekodi mpya aliinua kichwa kwenye sentensi ya pili. Ile ya kwanza alikuwa ameisikiliza huku akichambua mchele.

Jirani huyu alinifundisha jambo jingine. Kiingereza si lugha yake ya kuzaliwa, na ukumbi ungejaa watu kama yeye: Wataliano, Wajerumani, Wafaransa, Wahindi, na Waswahili wenzetu. Tunapoogopa kuzungumza Kiingereza huwa tunamuwazia msikilizaji mmoja, yule Mwingereza wa kwenye redio. Ukumbini huyo huwa hayupo, au yuko mmoja amekaa nyuma. Waliobaki wote wameazima nguo ileile, na wanashukuru mtu anayezungumza polepole kwa maneno mafupi.

Hotuba ya kwanza ilikuwa na maneno zaidi ya 1,000. Mpya ilitoka na 480. Mzungumzaji mzoefu wa Kiingereza huenda kwa maneno kama 130 kwa dakika. Bi Mwani alikuwa akienda 90, na sikutaka kumharakisha. Kwa mwendo wake zilimtosha dakika tano na kidogo, zilizobaki ziwe za kutua na za watu kucheka, kama wangecheka. Tuliigawa vipande vitatu vinavyoweza kusimama kila kimoja peke yake: godoro, joto la bahari, sabuni. Hakukuwa na karatasi. Kadi moja tu ya ukubwa wa kiganja, maneno matatu, kwa Kiswahili.

Kipande cha joto la bahari kilitugharimu vipindi viwili. Mwani aina ya cottonii ndio wenye bei, lakini ndio unaokufa maji ya kina kifupi yanapopata joto. Spinosum unastahimili zaidi, bei yake ndogo. Wakulima wanalijua hilo miaka mingi kabla ya semina. Kwa Kiswahili alilieleza kwa mikono: anakuonesha ncha inavyogeuka nyeupe, inalainika, inakatika. Kwa Kiingereza akawa anatafuta majina ya kitaalamu. Nikamwambia alete mwani wenyewe. Akija na fungu mkononi, "this" na "here" zitamfanyia nusu ya kazi: "This one is healthy. Look here. White. It breaks." Sentensi zake zikafupika zenyewe kwa sababu macho ya watu yalikuwa yakimalizia. Na mikono, iliyokuwa ikihangaika na mtandio tangu siku ya kwanza, ikapata shughuli.

Mambo madogo yanayoumbua

Alitaka kuanza na itifaki. Tumezoea hivyo: mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa fulani na fulani, mabibi na mabwana, salamu kwa wote, shukrani kwa kualikwa. Kwa dakika saba itifaki kamili hula mbili. Lakini kumwambia mtu mzima wa Kizanzibari apande jukwaani bila salamu ni kumwambia apite mbele ya wakubwa bila kuvua viatu. Tukaafikiana: "Assalamu alaykum. Good morning." Basi. Shukrani zikahamia mwisho.

Nililokataa kabisa ni kuomba radhi kwa Kiingereza chake. Kwetu kujishusha ni adabu. Lakini msikilizaji mgeni anakuchukulia ulivyosema, na anaanza kutafuta makosa uliyomuahidi.

Kuna "he" na "she". Kiswahili hakina shughuli hiyo, yeye ni yeye, na Bi Mwani alikuwa akimwita binti yake "he" kila mara. Mazoezi hayakusaidia. Tukaacha viwakilishi, akawa anarudia "my daughter" kila anapomtaja. Haikuonekana kuwa ni ulemavu. Ilisikika kama msisitizo.

Kuna 14 na 40. Alisema kikundi kina wanawake "fourteen", Mtaliano akasikia arobaini. Tofauti iko kwenye mkazo na ile "n" ya mwisho, na ukumbini penye feni "n" haisikiki. Tuliongeza: "one, four", na vidole. Mfanyabiashara anayedhani nyuma yako wako watu arobaini atakuagizia sabuni usizoweza kuzipika.

Kutazama watu kulikuwa kugumu kuliko matamshi. Kwenye kikao chake anamtazama yeyote, lakini mbele ya wanaume wageni wenye suti alishusha macho, kama alivyolelewa. Ushauri wa vitabu vya kigeni hapa haufai. Upo hata ule wa kuwawazia wasikilizaji wakiwa uchi. Nilimwambia kwa utani, akasema astaghfirullah na kunitazama kwa muda. Tulichofanya ni kupanda watu watatu: binti yake kushoto, mjumbe wa kikundi katikati, mimi kulia. Awazungumzie hao tu. Kwa aliyekaa kati yetu ingeonekana anatazamwa yeye.

Na vijazo. Akikwama alikuwa akisema "yaani" katikati ya Kiingereza. Toastmasters, chama cha watu wanaojifunza kuhutubia alichokianzisha Ralph Smedley mwaka 1924 huko Santa Ana, California, humpa mwanachama mmoja kazi ya kuhesabu kila "ah" na "um" ya msemaji, na mwingine kuonesha taa za kijani, njano na nyekundu dakika zinavyokwenda. Taa niliziiga kwa vipande vitatu vya kanga vya rangi hizo, alivyonishonea binti yake. Kuhesabu vijazo sikukuiga. Mtu anayehesabiwa makosa hujisikiliza badala ya kusikilizwa. Nilimwambia tu, ukikwama funga mdomo, hesabu moja mbili kimoyomoyo, kama unavyowafanyia wale wagomvi wa kamba. Kutoka kwa hao wa California nilichukua jambo moja la maana zaidi: hotuba ya kwanza kabisa ya mwanachama mpya humhusu yeye mwenyewe, dakika nne hadi sita, kwa kuwa ndiyo mada pekee ambayo hakuna ukumbini anayeijua kumshinda.

Mazoezi hayakuwa mbele ya kioo. Yalikuwa baharini, maji yakiwa magotini, anafunga mbegu kwenye kamba huku akizungumza kwa sauti juu ya upepo. Sauti yake ilipanuka bila mimi kumfundisha kupumua. Wenzake walimkejeli kwanza. Siku ya tatu walikuwa wanaitikia. Akisema "Where did it come from?" bahari nzima inajibu "From the sea!"

Siku yenyewe

Ratiba ilichelewa, kama ratiba zetu. Zamu yake ya saa nne asubuhi ikasogea mpaka saa nane mchana, watu wameshiba, wengine wanasinzia. Tena mshereheshaji akatangaza kwamba waliosalia watapewa dakika tano badala ya saba. Msemaji aliyemtangulia alikuwa na karatasi. Akazisoma kwa kasi mpaka akakatizwa katikati ya sentensi. Nilimtazama Bi Mwani. Alikuwa amegeuza kadi yake, na kwa kidole amefunika neno la katikati. Alikuwa anaacha kipande cha joto la bahari.

Alisimama, akanyamaza. Kimya kile kiliamsha zaidi ya kipaza sauti. Salamu, kisha sentensi zake mbili, na nikaona vichwa vinainuka vilevile kama cha jirani yangu. Alikosea wakati uliopita mara tatu kwa hesabu yangu, na "mattress" akalitamka kwa irabu ya Kiswahili pande zote mbili. Hakuna aliyejali. Alipofika kwenye swali la mume wake alitua, akawatazama wale wenzake wa nyuma, nao wakajibu bila kuombwa: "From the sea!" Ukumbi ukalipuka. Alimaliza kwa dakika tano na nusu.

Kisha yakaja maswali, na hapo ndipo kosa langu la pili lilipojitokeza.

Tulikuwa tumeandaa maswali manane ya kutarajiwa na sentensi mbili za kujiokoa: ya kuomba swali lirudiwe, na ya kusema atajibu kwa Kiswahili na binti yake atafsiri. Bwana mmoja akauliza kwa haraka jambo lenye maneno "die-off". Alikuwa akiulizia mwani kufa, kile kipande alichokiacha. Bi Mwani alisikia "dye", yaani rangi. Akatabasamu kwa kujiamini, akaeleza jinsi wanavyoipaka sabuni rangi kwa manjano na majani ya mwarobaini, hawatumii dawa za dukani. Alieleza vizuri, kwa Kiingereza kisicho na mawaa. Bwana yule akawa anatazama huku na huku. Watu wawili wakacheka.

Sentensi zangu za kujiokoa zilikuwa za mtu asiyesikia. Hazimfai mtu anayedhani amesikia, na huyo ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa hana sababu ya kuomba msaada. Dawa yake ni rahisi na niliijua miaka yote: rudia swali kwa maneno yako kabla ya kulijibu. "You ask about the colour?" Maneno matano tu, na bwana yule angesema hapana, tungeendelea. Sikumpa kwa sababu niliona kurudia swali ni pambo la wazungumzaji waliobobea. Kumbe ndiye anayeanza anayelihitaji, maana yeye ndiye sikio lake linaloweza kumdanganya.

Alijinasua mwenyewe. Bwana yule aliporudia polepole, yeye alitazama fungu la mwani lililokuwa bado mezani, akalinyanyua, akasema, "Ah. Not colour. Dying." Akaonesha ncha nyeupe, akaivunja mbele yao. Kipande kizima alichokiacha kikatoka pale, na kwa kuwa sasa lilikuwa jibu la swali la mtu, kilisikilizwa kuliko kingesikilizwa ndani ya hotuba.

Ningeambiwa nilirudie zoezi hili, vipindi vitatu vya mwanzo ningevitumia chini ya mkungu, na vitatu vya mwisho ningevitoa vyote kwa maswali. Hotuba ni mali yako, umeipima na kuikata. Swali ni la mwingine, na linakuja na matamshi yake, na haraka yake, na kinywaji chake cha mchana. Tulitumia kipindi kimoja tu kwa hilo.

Siku nne baadaye alinitumia ujumbe wa sauti. Mwenye hoteli mmoja alikuwa amempigia, anataka sabuni za kila mwezi, lakini kwa bei ambayo hata gharama ya mafuta ya nazi hairudi. Bi Mwani alikuwa amemjibu "thank you, thank you" mpaka simu ikakatika, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine bila kumvunjia mtu heshima.

"Mwalimu," akasema, na upepo wa bahari ukisikika nyuma yake, "kuzungumza umenifunza. Maji yakishakuwa mafu nakuja mjini, unifunze kukataa."